Duara la Nuru Katika Afishi ya Teatri

Katika nyumba moja ya hapa Kisangani, ambamo tulialikwa baada ya Misa ya siku ya Mungu, tuliona sanamu ndefu imetundikwa ukutani, kando ya msalaba. Mwanamke amesimama, nywele zake ndefu zimeshuka, mtungi wa maji uko pamoja naye, na nyuma ya kichwa chake mna duara kubwa la nuru. Mama mmoja mzee aliyeingia pamoja nasi akafanya alama ya msalaba mbele yake. Mwenye nyumba akacheka: « Mama, huyu si mtakatifu. Ni mchezaji wa teatri wa Ufaransa. » Mama akaona haya. Sisi hatukucheka. Tangu siku ile tumejiuliza nani alikosa, mama yule ao sanamu yenyewe.

Sanamu ile ni kopi ya afishi iliyochorwa mwaka 1897 na Alphonse Mucha, mtu wa Moravia aliyekaa Paris, kwa ajili ya Sarah Bernhardt. Msomaji ajue kwamba siku zile ilikuwa shida kumpata mchezaji mwanamke mwenye sifa kama yake. Alisafiri na kundi lake katika Amerika na hata Australia, na afishi zilikuwa wajumbe wa kumtangulia. Ile ya kwanza ya Mucha, ya mchezo uitwao Gismonda, ilitokea katika njia za Paris mwanzo wa Januari 1895, urefu wake ukipita metre 2. Sarah akafanya naye mapatano ya miaka 6. Na mwaka 1896, alipokwenda Amerika, mchoro uleule ukachapwa tena huko kutangaza safari yake.

Ufundi ni mkubwa, hatubishi. Kabla ya Mucha, macho ya watu wa Paris yalizoea afishi za Jules Chéret, zilizojaa wanawake wenye kucheka na kuruka. Mucha alimsimamisha mwanamke, akamnyamazisha, akamweka kama sanamu katika pahali pake ukutani mwa kanisa. Na kweli ni kanisani alikojifunza kutazama: utoto wake aliimba katika kwaya huko Brno, mbele ya altare zenye dhahabu. Basi alichukua kitu cha nyumbani mwa Mungu akakipeleka njiani. Kwa Gismonda tungeweza kunyamaza. Anashika tawi la mtende, kama mtu wa maandamano, na mambo yanaishia hapo.

Lakini afishi tuliyoiona ni ya La Samaritaine, mchezo wa Edmond Rostand juu ya mwanamke Msamaria wa kisima cha Yakobo. Ulionyeshwa mara ya kwanza tarehe 14 Aprili 1897, Jumatano ya Juma Takatifu, katika teatri ya Renaissance, ambayo Sarah mwenyewe aliiongoza. Na katika duara lile la nuru Mucha aliandika, kwa herufi za Kiebrania, Jina la Mungu. Jina ambalo Wayahudi hawalitamki kwa heshima yake limewekwa nyuma ya nywele za mchezaji, ili watu wanunue tiketi.

Hapo hatuwezi kumsifu. Hatusemi hivyo kwa kuona haya tu. Mchoro wenyewe unapinga habari unayoitangaza. Katika Injili ya Yoane ni Yezu anayejifunua kisimani, na mwanamke anapokea. Katika afishi Yezu hayumo, na nuru yake amepewa yule aliyekuja kuteka maji. Tena kuna mtungi. Mama yule mzee, alipokwisha kuambiwa habari, alitazama tena akatuuliza: « Padri, kama ni Msamaria, mbona angali na mtungi wake? » Alijua vizuri. Yoane asema kwamba aliuacha mtungi akakimbilia mjini. Mucha amemrudishia, labda kwa sababu bila mtungi hakuna mpita njia atakayemtambua.

Sisi wa Kisangani tuna sababu yetu ya kutazama jambo hili kwa uangalifu. Mwaka 1958, mji ukiitwa bado Stanleyville, Audrey Hepburn alikuja hapa kuvaa nguo za sista kwa ajili ya sinema ya Fred Zinnemann. Hatuoni vibaya, kucheza ni kazi, na nguo zilivuliwa kazi ilipokwisha. Miaka 6 baadaye, mwaka 1964, masista waliuawa katika mji huuhuu. Na huko Isiro, tarehe 1 Desemba, Anuarite Nengapeta akauawa akiwa angali kijana. Kanisa lilingoja mpaka 1985 ndipo likamtangaza Mwenye Heri. Leo wachoraji wetu wakimzungushia nuru kichwani, wanachora kitu kilichokwisha kulipwa. Nuru ya afishi hutolewa kabla pazia halijafunguliwa.

Tungemwonea Sarah tukiishia hapa. Mama yake alikuwa Myahudi. Yeye alibatizwa na kulelewa kwa masista karibu na Versailles, na alipokuwa msichana alitamani kuwa sista. Pengine alipojifanya Msamaria hakucheza tu. Hilo ni la Mungu kulijua, wala afishi haiwezi kutuambia.

Mwenye nyumba alituuliza kama aiondoe. Tulimjibu aiache, maana ni kazi nzuri ya mkono, lakini isikae karibu na msalaba. Tulipopita tena tuliikuta katika chumba cha watoto cha kusomea, juu ya meza, na mtoto mmoja alikuwa akijaribu kuzifuata zile herufi za Kiebrania kwa kalamu.