Mafunjo Yakitoweka: Uhakiki wa Uainishaji wa Uoto wa Uganda

Kazi ya Langdale-Brown, Osmaston na Wilson ya mwaka 1964 ingali msingi wa ramani za uoto wa Uganda, ikiwemo sehemu ya Uganda katika ramani ya kikanda ya VECEA. Nguvu yake ni kuzitaja jamii za mimea kwa spishi tawala, kama vile savana ya Combretum na Hyparrhenia au kinamasi cha mafunjo. Mtafiti huzitambua kwa kuziona.

Waandishi walizingatia makazi pia, lakini kinachobaki kwa mtumiaji wa ramani ni jina la mmea. Wilayani Tororo, ilipo Paya, jina hilo hupotosha. Nyasi za Hyparrhenia hudumishwa na moto. Mabondeni, mpunga umechukua nafasi ya mafunjo ilhali bonde bado hufurika. Anayetegemea spishi pekee atasema ardhi oevu imetoweka, na pamoja nayo dhamana ambayo Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 imeikabidhi serikali.

Hivyo, makazi yatangulie, spishi ifuate: bonde lifurikalo ni ardhi oevu, liwe na mafunjo au mpunga.