Barua Iliyoporwa Mwandikiwa

Mliolitazama somo lile la Katiba ya Kenya la Gredi ya 6, lililorekodiwa kwa kamera, mnaijua dakika ninayoizungumzia. Watoto walikuwa wamelishika jambo, rasimu za barua ziko mezani, penseli zinakimbia. Kisha mwezeshaji mgeni akasimama, akafuta ubaoni majina ya waandikiwa na kuwaagiza wote waanze upya, safari hii barua iende kwa Katiba yenyewe. Mtajo ukawa "Mpendwa Katiba". Somo lilivunjika hapo, na makofi ya mwisho hayakuliunga.

Kazi ya awali ilikuwa safi: mwalimu wa darasa alikisoma Kifungu cha 53 polepole, kila kundi likachagua haki moja, na mifano ikatoka mtaani kwao.

Turudi ubaoni. Kamera ilimsogelea mara mbili msichana wa safu ya nyuma, kwa hiyo rasimu yake ya kwanza tuliisoma sote. Alikuwa akimwandikia gavana. Anwani zote mbili zipo, tarehe ipo, na chini ya mtajo ameandika KUH: DARAJA LA KWENDEA SHULENI. Aya ya kwanza inaeleza daraja la miguu lililosombwa na mafuriko. Aya ya pili inawataja wenzake wa ng'ambo ya mto ambao hukaa nyumbani maji yanapojaa. Katika aya ya tatu anasema Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, halafu anamuuliza gavana elimu hiyo wataifikiaje ikiwa mto haupitiki. Mtoto wa darasa la sita amekamata kifungu cha sheria, amekifunga kwenye jambo analoliona kila asubuhi, na amempata mtu wa kumuuliza. Mwalimu wa uraia hutafuta jambo hilo muhula mzima asilipate.

Rasimu yake ya pili, ile ya "Mpendwa Katiba", haikuwa na mto wala daraja. Ilikuwa na upendo, amani na rangi za bendera.

Tazameni vitenzi vyake, kwa sababu ndivyo vinavyotoa ushahidi. Katika rasimu ya kwanza aliandika utume wahandisi, ujenge, utujibu. Katika ya pili akaandika umetupa, umetulinda, umetupenda. Ya kwanza ina mdaiwa, ya pili ina msifiwa. Hakuna aliyemwambia aache kudai. Alibadilishiwa mwandikiwa tu, na dai likafa lenyewe, maana mtu hawezi kukiomba kitabu kijenge daraja. Mwezeshaji aliyefanya kazi na watoto hata mwaka mmoja alipaswa kuliona hilo kabla hajashika kifutio.

Na kwa Katiba hii kosa ni kubwa zaidi. Kifungu cha 21 kinaibebesha serikali na kila kiungo chake wajibu wa kuheshimu, kulinda na kutimiza haki za Sura ya Nne. Katiba inamdai mtu mwingine kwa niaba ya mtoto. Ukimfundisha mtoto kuishukuru Katiba kwa elimu, umemwondoa machoni yule aliyepewa bajeti na kazi ya kuitoa elimu hiyo. Kifungu cha 37 nacho kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, na Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Vinasema kila mtu, havisemi kila mpiga kura. Yule msichana alikuwa akiitumia Katiba wakati ule ule alipokuwa akifundishwa, na akakatizwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kumtafuta mwandikiwa ndiyo sehemu tamu ya somo hili. Fungueni Jedwali la Nne mbele ya watoto muone. Barabara za kaunti ziko kwa kaunti, pamoja na huduma za maji na elimu ya chekechea. Shule za msingi ziko kwa serikali ya kitaifa. Mwalimu akikosekana darasani, barua inakwenda kwa Tume ya Huduma za Walimu, iliyoundwa na Kifungu cha 237. Watoto wakibishana nusu saa kama daraja lao ni la gavana au la waziri aliye Nairobi, wamekwisha kujifunza ugatuzi, na hakuna chati itakayowafundisha vizuri kuliko ubishi huo. Kwa kufuta majina ubaoni, mwezeshaji alilifuta Jedwali zima.

Nimesikia utetezi kwamba barua ilikusudiwa iwe bunifu. Naipenda barua bunifu, na ndiyo maana siukubali utetezi huo. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, na kila wosia uliomo unajua unakwenda kwenye sikio la nani. Nchini Marekani walimu wengi huwafundisha watoto Tangazo la Uhuru la 1776 kwa kuwaandikisha barua ya kuvunja uchumba, kisha hulisoma tangazo lenyewe na orodha yake ndefu ya malalamiko dhidi ya Mfalme George wa Tatu. Barua hiyo ni ya kubuni mwanzo hadi mwisho, lakini anayeandikiwa ana makosa yanayotajika. Mtoto wetu angeweza kumwandikia gavana wa mwaka 2040, au kujifanya mto unaomwandikia mhandisi, na barua ikabaki na meno.

Kama wanataka mfano wa nyumbani, wangemleta mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai darasani. Mwaka 1989 chama tawala kilipotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi, alishika kalamu. Aliiandikia Ofisi ya Rais. Akaliandikia gazeti la Kenya Times, ambalo jengo hilo lingekuwa lake. Akawaandikia wakuu wa jiji, waziri wa mazingira, hata balozi wa Uingereza. Kila barua ilikuwa na jina na swali. Bungeni walimkejeli, lakini wafadhili wa nje walijiondoa na mradi ukaachwa. Wakati huo hakuwa na Kifungu cha 42 cha kuegemea, kile kinachotoa haki ya mazingira safi. Tarehe 27 Agosti 2010, Rais Mwai Kibaki aliizindua Katiba hii katika bustani hiyo hiyo. Niambieni ni hadithi gani nyingine inayomfaa zaidi mtoto anayejifunza kuandika barua juu ya Katiba.

Wasomaji wa safu hii wanajua ninavyosema kuhusu wawezeshaji wanaoshushwa shuleni kwa siku moja na fulana zao, wakampokonya chaki mwalimu anayewajua watoto kwa majina. Nasema tena. Mwalimu wa darasa lile alikuwa amesimama pembeni karibu na dirisha, na uso wake ulionyesha kwamba ameliona kosa. Nasema tena pia juu ya lugha: Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini vifungu vilivyobandikwa ukutani vilikuwa vya Kiingereza kitupu, na watoto walilazimika kuvitafsiri kichwani kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Kisha ikaja karatasi ya kusahihishia, ugonjwa wetu wa tangu zamani. Alama za mwandiko, alama za anwani kukaa pembeni panapotakiwa, alama za methali, hata methali isiyohusiana na lolote. Tuzo ikaenda kwa barua yenye methali tatu na moyo uliochorwa kwa kalamu nyekundu. Simlaumu aliyeiandika, alifuata alichoagizwa. Ila hapakuwa na hata alama moja kwa mtoto aliyemwandikia mtu anayestahili kuandikiwa, wala bahasha moja iliyofungwa. Barua zote zilibandikwa ukutani, na ile rasimu ya daraja, iliyo kamili hadi sahihi, bado inaweza kupelekwa katika ofisi ya kaunti wiki hii kama ilivyo, bila kuongezwa neno.