Bei ya "Kama"

Mwanafunzi anayeanza fasihi hukabidhiwa orodha: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, chuku, jazanda. Huikariri, na mtihani ukifika huambiwa azitambue tamathali katika shairi na kuzitolea mifano. Tashbihi huipata upesi, maana "kama" haijui kujificha. Alama zake huzipata pia. Asichoambiwa ni kwa nini mtunzi alishika hii akaiacha ile, ilhali ufundi wenyewe umo humo. Katika ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo, sehemu kubwa ya jibu ni nafasi.

Tarbia ina mishororo 4 katika ubeti. Kila mshororo una vipande 2, ukwapi na utao, na kwa desturi kila kipande kina mizani 8. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na kisha waziri, alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na tangu hapo walimu wengi wamefundisha hesabu hii wakiwa na kitabu hicho mkononi au kichwani. Lakini malenga wa Lamu, Pate na Mombasa walikuwa wakiihesabu kwa sikio zamani sana kabla ya hapo. Sikio la malenga halidanganyiki: linajua kwamba "mbuzi" ana mizani 2 na "mvuvi" ana 3, ingawa yote ni maneno ya herufi tano.

Tuchukue ubeti mmoja, niliouunda hapa kwa ajili ya mfano tu:

Bahari leo ni shwari, pepo zimekunja tanga,
Mvuvi yuko tayari, nyumbani wakosa unga,
Chungu hakina habari, jiko halijui mwanga,
Njaa nayo ni bahari, isiyokubali nanga.

Tuanze na mshororo wa mwisho, yaani kituo. "Njaa nayo ni bahari" ni sitiari, na kipande kina mizani 8. Sasa kigeuze kiwe tashbihi: "Njaa ni kama bahari." Hesabu tena. Ni 8 vilevile! Kwa hiyo si kweli kwamba tashbihi ilikataliwa kwa sababu haikuenea. Imeenea, ila imelipiwa. "Kama" imechukua mizani 2 zilizokuwa za "nayo", na "nayo" ndiyo iliyokuwa ikituambia kwamba kuna bahari mbili: ile ya mshororo wa kwanza, ya maji na chumvi, na hii ya pili iliyoko nyumbani. Mwenye "kama" amepata mfanano, akapoteza uhusiano. Mtunzi anayejua kazi huuliza swali hilo kila mara: neno hili linanunua nini, na linaondoa nini?

Ndiyo maana siafiki wanaosema sitiari ni tashbihi iliyofupishwa. Tashbihi ina heshima yake. Huviweka vitu viwili mbali kidogo ili msomaji aone pengo lililo kati yao, na pengo hilo mara nyingine ndilo linalotakiwa, hasa katika kejeli. Ukisema fulani anatembea kama waziri, kila mtu anajua kwamba si waziri. Ukimwita waziri moja kwa moja, kuna atakayekuamini.

Ukwapi wa mshororo wa kwanza unaonekana kuwa habari njema. Bahari shwari, nani asiyeitaka? Kisha utao unageuza mambo: pepo zimekunja tanga. Kukunja tanga ni kazi ya baharia, na hapa upepo umepewa kazi hiyo. Hiyo ni tashihisi, na mwanafunzi ataiandika kwenye karatasi yake na kupata alama. Lakini tazama inafanya nini. Chombo cha tanga hakiendi bila upepo, hivyo utulivu huo wa kupendeza ndio uliomfunga mvuvi pwani. Yeye yuko tayari. Upepo ndio umejipumzikia. Mtunzi hakulazimika kusema "kwa bahati mbaya hawezi kuondoka." Tashihisi imeyasema hayo yote kwa mizani 8, na ndani yake mna hata lawama kidogo.

Katika mshororo wa tatu chungu "hakina habari". Hapa msemo wa kila siku umefanywa kuwa tamathali: chungu hakina la kusimulia, tena hakijali. Maana zote mbili zimekaa pamoja, na mtunzi hakutozwa hata mizani moja ya ziada.

Kuhusu vina nitasema machache. Kina cha "-ni" ni rahisi kwa sababu karibu kila mahali panamalizikia hapo, na cha "-wa" hupatikana kwa kukitia karibu kitenzi chochote katika kauli ya kutendwa. Wanaoanza huvikimbilia, na si vibaya. Ila shairi lenye beti 12 za "-ni" huchosha sikio, kwa kuwa msikilizaji anajua mlango utafunguliwa kwa ufunguo uleule.

Nafasi ikibana, kuna ruhusa. Malenga huweza kufupisha neno, na hiyo ni inkisari. Kulirefusha, "afya" ikawa "afiya", na hiyo ni mazida. Au kupindua mpangilio, "heshima yangu" ikawa "yangu heshima". Vitabu huziita ruhusa hizi uhuru wa mshairi, lakini mimi huona zinafanana zaidi na mkopo. Fundi hodari hukopa kidogo na kwa sababu. Katika kituo chetu, "haina pa kutia nanga" ingesikika vizuri, lakini ni mizani 9. Mtu angeweza kulikata neno kwa nguvu. Kulisuka upya wazo likawa "isiyokubali nanga" kumeleta faida: sasa bahari ndiyo inayokataa.

Jazanda ni jambo jingine, maana hiyo haikai katika mshororo mmoja, hubeba shairi zima. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni, na katika siasa za Mombasa na Zanzibar alijua kumpiga mtu kwa fumbo bila kumtaja. Abdilatif Abdalla, ambaye mashairi ya *Sauti ya Dhiki* aliyatunga gerezani na yakachapishwa mwaka 1973, ana shairi la ndugu wawili wanaogombania mnazi. Msomaji anayetaka mnazi tu atapata mnazi, na mabishano matamu juu yake. Anayetaka nchi ataipata pia, bila mtunzi kumshika mkono.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ugomvi uliozuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko haujaisha vizuri hadi leo. Nisemalo ni hili tu: mahali pasipo na mizani, "kama" haina bei ya kuhesabika, kwa hiyo mtunzi hana wa kumzuia ila sikio lake. Sioni kwamba hiyo ni kazi nyepesi.

Turudi kwa mvuvi wetu, maana ubeti wa pili bado. Akiba ya "-ri" ipo: safari, hatari, kiburi, subiri. Ya "-nga" pia: kanga, mchanga, kinga, kupunga. Atakayeendelea akumbuke kwamba akikifanya kituo kuwa kibwagizo, kila ubeti utamalizikia kwa njaa ileile isiyokubali nanga. Basi asimletee mvuvi samaki mapema, hata akimwonea huruma namna gani, na upepo ukianza kuvuma afikirie kwanza uvume kuelekea wapi.