Kuku wageni, jogoo mwenyeji

Mama kuku wa kienyeji hana haja ya kufundishwa namna ya kuingiza vifaranga kundini. Siku chache baada ya kuangua huwatoa uani, manyoya yamemsimama, na anayewasogelea hupata mdomo wake, hata kama ni jogoo. Kwa wiki nyingi vifaranga hula na kuparua mbele ya kundi zima wakiwa chini ya ulinzi. Siku mama anapowafukuza wajitegemee, hakuna kuku pale nyumbani asiyewajua.

Taabu huanza vifaranga wanapokuja bila mama, na siku hizi wengi huja hivyo. Mradi wa African Chicken Genetic Gains, ulioratibiwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, uliwapelekea wafugaji wa Tanzania, Ethiopia na Nigeria kuku wa umri wa wiki 6 hivi, waliokwisha kulelewa na kuchanjwa. Kwa Tanzania walikuwa wa aina za Kuroiler na Sasso. Biashara ya chotara nayo inakwenda kwa mtindo huohuo: mlezi anawakuza vifaranga kwa wiki nne au zaidi, kisha tenga linapanda bodaboda hadi kijijini. Likifunguliwa mchana katikati ya uwanja, majike wenyeji hulizunguka, mmoja anadonoa kichwa, wa pili anafuata, na ndani ya dakika chache wageni wamerundikana kwenye kona, wa chini wakikosa hewa.

Mfugaji anayeona vurugu hizo kwa kawaida humlaumu jogoo. Mara nyingi humwonea.

Msomi wa Norway Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuchunguza kuku angali mtoto na kuandika matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 1920, alionyesha kwamba kundi lina safu ya vyeo: kila kuku anajua anayeweza kumdonoa na anayepaswa kumkimbia. Majike wana safu yao na majogoo wana yao. Jogoo aliyekomaa kwa kawaida yuko juu ya majike wote, kwa hiyo tembe wa wiki 8 hamtishii cheo. Anayetishika ni jike wa daraja la kati au la chini, maana kila anayeingia ni mshindani wa kugombea naye pumba. Watafiti wa Sweden walioyachunguza makundi ya kuku wa mayai mwaka 1999 waliona kuwa kuwapo kwa majogoo kulipunguza ugomvi wa majike. Wafugaji nao wanaliona hilo uani: majike wawili wakishikana, jogoo hupita katikati yao na ugomvi unakwisha.

Kazi basi ni kuwapa wageni kile ambacho mama kuku angewapa, yaani muda wa kujulikana bila kuumia. Njia iliyozoeleka ni wavu. Kizimba cha wageni hujengwa ndani ya uwanja wa wenyeji au kikapakana nao, na pande zote mbili huonana kwa wiki moja hadi mbili. Kinachosahaulika ni umbali. Marian Dawkins wa Chuo Kikuu cha Oxford alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kuku hutofautisha wenzake akiwatazama kwa karibu sana, chini ya sentimeta 30, akikagua kichwa na undu. Kizimba kilichowekwa upande wa pili wa uwanja hakisaidii kitu. Vyombo vya chakula vinatakiwa viegemee wavu, kimoja ndani na kingine nje, ili kila asubuhi wageni na wenyeji wale wakiwa wamekabiliana uso kwa uso.

Kabla ya wavu lakini kuna karantini, na hapa ndipo wengi hukata njia. Wageni hukaa mbali kabisa, si chini ya wiki mbili na ikiwezekana mwezi, kwani kuku aliyeambukizwa kideri anaweza kukaa siku kadhaa bila kuonyesha dalili. Hatari inatoka pande zote mbili. Kuku wakubwa waliopona mafua makali hubeba vimelea wakiwa wazima wa kutazama, na kinyesi chao kinaweza kuwa na vimelea vya kuhara damu ambavyo wao wameshavizoea ila kuku mdogo hajavizoea. Kwa kideri kuna chanjo ya I-2 inayovumilia joto, tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Inafaa wageni na wenyeji wote wawe wameshaipata wiki mbili kabla ya kukutana, maana kinga haijengeki siku hiyohiyo. Anayehudumia mabanda aanze na wadogo, amalizie na wakubwa.

Chakula nacho kina mtego wake. Cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati cha kukuzia kina takriban asilimia 1. Tembe akila cha mataga kwa wiki nyingi, figo zake zinaweza kuharibika, na jogoo pia hana kazi na kalsiamu yote hiyo. Kwa vile haiwezekani kumsimamia kila kuku, wenye makundi mchanganyiko huwapa wote chakula cha kukuzia, kisha huweka magamba ya konokono yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni. Mataga huyafuata wenyewe.

Kuwahamishia wageni bandani usiku ni desturi ya zamani, na ina sababu: kuku haoni vizuri gizani, hivyo hapigani. Ila giza huahirisha tu. Kukipambazuka, mgeni ambaye hajapitia wavu bado ni mgeni, na safari hii yuko ndani ya chumba kilichofungwa. Usiku unafaa kwa waliokwisha kujuana, na mlango ufunguliwe mapema alfajiri. Wageni waingie wote pamoja, kamwe si mmoja peke yake, na wakute vyombo vya chakula na maji zaidi ya kimoja, vikiwa mbalimbali. Kizimba cha zamani kisivunjwe. Kikiachiwa tundu la upana wa kiganja, kama sentimeta 10, wadogo hupenya na wakubwa hubaki nje.

Siku mbili tatu za kwanza kudonoana ni lazima. Pigo moja la mdomo, mdogo akakimbia, mkubwa akarudi kwenye shughuli zake: hapo cheo kinapangwa. Kufuatwa hadi kona na kutoka damu ni jambo jingine, kwa sababu damu huwaita na wengine. Kidonda hupakwa jivii (GV), ile dawa ya zambarau, na jike mchokozi hutengwa siku chache, kwani akirudi hukuta safu imejipanga upya. Wakati wa magharibi, kuku wakishapanda fito, mfugaji akimshika mgeni na kupapasa gole, yaani kile kifuko cha chakula chini ya shingo, atajua mara moja. Gole lililojaa linaonyesha kwamba anakula. Likiwa tupu siku ya pili mfululizo, arudi kizimbani.

Jogoo huingia kwenye hesabu baadaye, na kwa mambo mawili. La kwanza ni kupanda. Tembe huanza kuchutama kumkubali akikaribia kutaga, undu ukishaiva wekundu. Jogoo anayewakimbiza kabla ya hapo na kuwanyofoa manyoya ya mgongo hufungiwa kando kwa muda, na kipi kirefu, yaani mwiba wa mguuni, hukatwa ncha.

La pili ni mapora, yaani majogoo wachanga. Vifaranga wasiochaguliwa jinsia huwa karibu nusu kwa nusu, na kundi la majike 8 hadi 10 linatosheka na jogoo mmoja. Pora chotara aliyeingia akiwa mnyonge wa wiki 6 anaweza, akifikisha miezi minne, kumzidi uzito jogoo wa kienyeji aliyemkuta, na wakati huo anaanza kuwika. Wanaofuga kwa hesabu huwauza mapora au huwachinja kabla ya kufika hapo, wakabakiza mmoja wa akiba. Na kama huyo wa akiba ndiye atakayeshika nafasi, jogoo mzee hutolewa kwanza, kabla mrithi hajaachiwa majike.