Mama Kayai na Sanaa ya Kumsikiliza Mwenzio

Fundi wa kuigiza hujulikana vizuri zaidi wakati mwenzake anaposema. Mtazame Mary Khavere, Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi katika televisheni ya KBC. Mumewe Ojwang amesimama mbele yake, anaeleza pesa zilivyopotea. Mama Kayai hamkatizi. Macho yake yanashuka mpaka kwenye viatu vya yule mzee, yanapanda taratibu mpaka usoni, yanatulia hapo. Mdomo umefumbwa, umeshikilia neno ambalo bado halijaiva. Ojwang anaanza kubabaika, uongo unamponyoka, na sisi tumeshacheka kabla mama hajatamka lolote.

Watu humtaja Ojwang kwanza, na anastahili. Benson Wanjau aliyemwigiza, Mkikuyu aliyetiwa mvi na kuzungumza kama mzee wa Kijaluo, alikuwa bingwa, na alipofariki Julai 2015 nchi nzima ilimlilia. Lakini mume mjanja asiye na mke wa kumgundua ni mpiga domo tu. Khavere ndiye aliyeufanya ujanja ule uwe na hatari ndani yake. Wakacheza pamoja miaka mingi hata watazamaji wengi wakaamini ni mke na mume kweli.

Sisi watu wa pwani tuna kiburi cha lugha. Hata hapa Samburu ya Kwale, ambako nyumbani tunasema Kiduruma na malori ya Mombasa yanapita usiku na mchana na watu wa kila kabila, mbara akikosea ngeli hotelini, meza nzima itaangua kicheko. Mama Kayai alituzuia. Lafudhi ya Kijaluo hakuivaa kama kichekesho. Alisema kama mwanamke mwenye nyumba ya kuendesha na watu wa kulisha, na ukicheka, unacheka kwa sababu amempata mumewe penyewe. Bibi wa Kiduruma asiyewahi kufika Kisumu alimtambua mara moja: alikuwa amekaa naye sokoni, amekwenda naye kisimani, pengine alikuwa yeye mwenyewe.

Kazi hii ya kumsikiliza mwenzio ina wajuzi wake kila nchi. Brenda Fricker, mzaliwa wa Dublin huko Ireland, alipewa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike mwaka 1990 kwa kumwigiza mama katika My Left Foot, mama wa kijana ambaye kiungo pekee kilichomtii ni mguu wa kushoto. Mwaka 2014 tuzo hiyohiyo ilimwendea Lupita Nyong'o wetu. Msaidizi, wanaita. Mimi naona ndiye anayeshika nguzo. Kwetu heshima hiyo imechelewa; hata Ojwang mwenyewe, pamoja na umaarufu wote ule, ilibidi Wakenya wamchangie pesa za kutibiwa macho.

Wanafunzi wa Kwale wanaojiandaa kwa tamasha la drama hupaza sauti mno. Kila mmoja anangoja zamu yake ya kusema, na akimaliza anasimama kama mti mpaka zamu irudi. Ningepewa saa moja nao, ningewawekea Vitimbi, nizime sauti kabisa, kisha niwaambie wamwache Ojwang na wamtazame Mama Kayai peke yake.