"Wingu", "Kikoa" na "Bure": Uhakiki wa Istilahi za Kupangisha Tovuti Ndogo

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi chache ambazo mtumiaji wa Kiswahili hulazimika kukutana nazo anapotaka kuweka tovuti yake ndogo katika mashine za kampuni zitoazo huduma bila malipo. Hatukusudii kuorodhesha istilahi zote za fani hiyo, wala kubuni mpya kwa shauku ya kubuni tu. Tunauliza swali moja: je, maneno tunayompa mwanafunzi yanamweleza ni nani mwenye mali, na ni nani awezaye kuiondoa?

Ili swali hili lisielee hewani, yafaa tulipime mahali maalum. Tumfikirie mwalimu wa sekondari katika mji wa Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji. Amekusanya maneno ya kilimo cha bondeni: mlau, yaani kilimo kinachofuata maji ya mafuriko yanapopungua, dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ambamo mkulima hulinda mpunga wake, na mengine mengi. Wakazi wengi wa bonde hilo walihamishiwa vijiji vya nchi kavu kuanzia mwaka 1968, na wazee waliokulia katika madungu wanazidi kupungua. Mwalimu hana fedha za kukodi seva. Lakini kurasa zake ni tuli, za maandishi na picha chache, nazo zingeenea bila taabu katika huduma kama GitHub Pages, ambayo huruhusu tovuti isiyozidi gigabaiti 1 bila malipo. Mwalimu huyu ni wa mfano tu, bali haja yake ni ya kweli. Sasa tutazame maneno atakayokabidhiwa.

1. Wingu

Neno hili limefasiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, nalo limekwisha kuenea. Kasoro yake ni kwamba katika Kiswahili wingu halina mwenyewe. Hupita, hufunika jua, hunyesha au halinyeshi, na hakuna wa kuulizwa. Kumbe wingu la kompyuta lina mwenyewe, lina majengo, lina mashine zinazokula umeme usiku na mchana, na lina nyaya. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, watumiaji wa intaneti wa Tanzania na nchi jirani walipata taabu kubwa. Siku hiyo ilidhihirika kwamba njia ya kwenda kwenye wingu hupita chini ya bahari.

Wingu halina mpaka pia, ilhali sheria ina mpaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Mwalimu atakayeweka majina na picha za wazee waliomsimulia hana budi kujua kwamba huenda anaziweka katika nchi nyingine. Neno "wingu" halimwonyeshi jambo hilo.

Hata hivyo hatupendekezi neno hili litupwe. Mtu wa Rufiji ana njia yake ya kulielewa. Maji ya mto wake hutoka Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Mafuriko yaweza kufika siku ambayo Utete haikupata hata tone la mvua. Anajua kwamba lililoamuliwa mbali na macho yake laweza kufika shambani kwake. Mfafanuzi wa istilahi akianzia hapo, mwanafunzi ataelewa upesi kuliko kwa kuelekezwa angani.

2. Kuhifadhi au kupangisha?

Kwa dhana ya kuiweka tovuti katika seva ya mtu mwingine ili isomwe na watu, maneno mawili yanashindana: "kuhifadhi" na "kupangisha". Vijana wengine husema "kuhosti".

Tunaona "kuhifadhi" ni hatari. Kilichohifadhiwa, kwa Mswahili, kimetunzwa kisipotee. Ndivyo tusemavyo juu ya Kurani iliyohifadhiwa moyoni, na juu ya hifadhi ya wanyama. Mwalimu akiambiwa kwamba tovuti yake "imehifadhiwa", ataiondoa katika kompyuta yake ili kupata nafasi, akidhani iko salama. Historia yasema vinginevyo. GeoCities, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994 na kununuliwa na Yahoo mwaka 1999, ilizipa makao tovuti za mamilioni ya watu bila malipo. Mwezi Oktoba 2009 ikafungwa. Heroku nayo ilikomesha huduma zake za bila malipo mwezi Novemba 2022. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

"Kupangisha" kuna pingamizi moja: mpangaji hulipa kodi, na huyu halipi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini haliishindi faida. Kila mtu ajua kwamba mpangaji hamiliki nyumba, kwamba kuna masharti, na kwamba mwenye nyumba aweza kumwomba ahame. Ajua pia kwamba vyombo vya ndani ni vyake, na siku ya kuhama atavichukua. Huo ndio uhusiano wa mwalimu wetu na kampuni.

3. Kikoa

Istilahi hii hutumika kwa jina la anwani ya tovuti, kama lile liishialo kwa .tz. Wazee wa pwani watashangaa kidogo, maana kwao kikoa ni chakula kinacholiwa kwa ushirika, kila mmoja akikitoa kwa zamu yake. Hatujui maana hiyo iliunganishwaje na anwani, lakini haikosi funzo: asiyetoa zamu yake hatoki katika kikoa na haki yoyote. Jina la kikoa hukodishwa kwa muda maalum, na asiyelipia tena hulipoteza.

Yaliyotolewa bila malipo ni dhaifu zaidi. Kwa miaka mingi majina yaishiayo kwa .tk, .ml, .ga, .cf na .gq yaligawiwa bila malipo. Mwaka 2023 Gabon ilirejesha usimamizi wa .ga mikononi mwake, na majina mengi sana yakafutwa.

4. Bure na binafsi

"Bure" ina maana mbili: pasipo malipo, na pasipo faida. Aliyejisumbua bure hakusifiwa. Katika istilahi tunapendelea "bila malipo", ambayo haisemi zaidi ya inachokijua. "Tovuti binafsi" nayo ina utata, kwa kuwa katika matumizi ya Tanzania "binafsi" hupambana na "ya umma", kama katika shule binafsi. Wengine hudhani ni tovuti iliyofungwa. "Tovuti ya mtu binafsi" ni ndefu kidogo, lakini haipotoshi.

Mapendekezo

(a) "Wingu" libaki, lakini kila kamusi ilifafanue kwa kutaja seva, mahali na mmiliki.
(b) "Kupangisha", "mpangaji" na "mwenye nyumba" zitumike kwa dhana hii. "Kuhifadhi" kuachwe kwa ajili ya kuweka nakala.
(c) "Kikoa" kiandamane daima na neno "kukodi", si "kununua".
(d) "Bila malipo" ichukue nafasi ya "bure".

Yupo atakayesema kwamba maneno haya yamekwisha kuzoeleka na kwamba wataalamu huelewana. Ni kweli, wataalamu huelewana. Bali istilahi haikuwekwa kwa ajili yao peke yao. Mwalimu wa Utete akipoteza tovuti yake kwa kuamini neno "imehifadhiwa", kitakachopotea si kurasa tu, bali pia maneno ambayo huenda aliyeyasimulia hayupo tena kuyasema upya. Tunawaalika wasomaji, hasa walimu wa Rufiji na Kibiti, watuletee maoni yao, pamoja na maneno ya huko yawezayo kutufaa katika kazi hii.