Jinsi mwasumini unavyotunzwa katika nyumba za mawe za Lamu

Mwasumini, au Jasminum sambac kwa jina lake la kitaalamu, ni kichaka cha kudumu chenye asili ya kusini mwa Asia. Ukitunzwa vizuri huishi miaka mingi na kuchanua tena na tena. Mjini Lamu maua yake hutiwa kwenye vikuba, yaani vishada vya kunukia, pamoja na rehani, na hakuna arusi inayokamilika bila harufu yake. Hata hivyo mji huu si mahali pepesi kwa mmea huo. Visima vingi vina maji ya magadi, udongo ni mchanga uliochanganyika na vifusi vya matumbawe, na kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma bila mvua ya maana.

Katika nchi za baridi, kama Kanada na Norwe, maua ya kudumu hufa juu ya ardhi wakati wa majira ya baridi huku mizizi ikibaki hai. Mtunzaji huko hufunika udongo kwa majani makavu ili usigande na kuyeyuka mara kwa mara, maana hali hiyo huisukuma mizizi nje. Lamu nako udongo hufunikwa, ila kwa sababu nyingine. Jua likivuta maji, chumvi iliyokuwemo hupanda na kubaki juu, palipo na mizizi myembamba. Makuti yaliyokatwakatwa hupunguza mvuke huo. Makumbi pia hufaa, lakini yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kutengenezea kamba yamejaa chumvi, na hayana budi kuoshwa kwa maji matamu kwanza.

Mahali panapofaa zaidi ni kiwanda, yaani uga wa ndani wa nyumba ya kale ya Lamu. Kuta zake ndefu huzuia upepo na rasharasha za bahari, na jua hufika kwa saa kadhaa tu. Lakini kuta hizohizo zina madhara yake. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na kila plasta inapobambuka, chokaa huingia udongoni. Udongo wenye chokaa nyingi huyazuia madini ya chuma yasifyonzwe na mizizi, hata kama yamo ardhini. Ndiyo maana mwasumini wa ukutani mara nyingi hupata majani ya manjano.

Hapa lazima mtunzaji aangalie kwa makini, kwa kuwa matatizo mawili hufanana kwa mbali. Chokaa ikizidi, majani machanga ya ncha ndiyo yanayogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Chumvi ikizidi, majani makuukuu hukauka na kuwa kahawia kuanzia kingo na ncha. Dawa ya la kwanza ni mboji nyingi, na mmea kusogezwa mbali na ukuta au kuhamishiwa kwenye debe. Dawa ya la pili ni maji matamu mengi kwa mpigo mmoja, yapite mpaka chini na kuondoka na chumvi. Kumwagilia kidogokidogo kila siku ndilo kosa baya zaidi, kwani kila kikombe cha maji ya magadi huongeza chumvi isiyo na pa kutokea. Debe nalo litobolewe chini. Maji bora ni ya mvua, yale yanayovunwa na kuhifadhiwa kwenye jabia.

Mbolea haina shida katika mji wa punda. Samadi yao ikiwa mbichi huunguza mizizi, hivyo hurundikwa kivulini, hulowanishwa na kuachwa ioze hadi ipoe na kupoteza harufu kali.

Kupogoa hufanywa mwishoni mwa kaskazi, kabla ya masika. Maua ya mwasumini hutoka kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo kichaka kisichokatwa hurefuka na kutoa maua machache. Matawi makavu huondolewa yote, mengine hupunguzwa kama theluthi moja. Vipande vilivyokatwa havitupwi: aina hii huzaa mbegu kwa nadra sana, na miche hupatikana kwa vipandikizi au kwa kulaza tawi udongoni mpaka litoe mizizi.

Uchumaji una saa yake. Vichomozo vyeupe vilivyotuna huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, kisha hufunguka usiku, wakati harufu inapokuwa kali kuliko zote.

Bugenvilia inayotanda juu ya kuta za kijiji jirani cha Shela hutaka malezi ya kinyume kabisa. Huvumilia chumvi na ukame, na maji yakizidi hutoa majani mengi bila rangi. Mwasumini hauna uvumilivu huo. Hutegemea maji matamu, na maji hayo katika kisiwa cha Lamu yanatokana na mvua inayozama katika vilima vya mchanga vya Shela na kukaa juu ya maji mazito ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda visimani, na mwasumini ni miongoni mwa mimea ya kwanza kuonyesha dalili.